Usiifunue

Fomu ilikuja imekunjwa mara nne,
mwandiko wa daktari umelala kama nyasi alizolalia ng'ombe:
protopofirini, chembe nyekundu.
Chini yake, kwa kalamu nyingine:
damu hii isionwe na mwanga.

Miaka kumi na mitatu nipo maabara hii, Mbeya.
Nimepima malaria, mkojo, makohozi,
nimepokea choo cha mtu ndani ya kopo la siagi
nikasema asante.
Lakini kuficha damu,
hilo sikuwahi kuombwa.

Mtoto anaitwa Ambokile, miaka tisa,
wa Katumba, kwa mama mchuma chai.
Kofia imeshuka hadi kwenye nyusi,
soksi za shule amezivaa mikononi.

Mama alisema akiitazama sakafu:
Jua likimgusa analia kama aliyemwagiwa uji wa moto.
Naitazama ngozi, sioni kitu.
Anakimbilia mtoni, analoweka mikono mpaka giza liingie.
Masika ikija na ukungu wake, anacheka, anacheza,
ndiyo maana watu wanasema ni mvivu wa kiangazi.
Mwalimu alimchapa kwa kuikimbia paredi.
Bibi yake alimchanja.
Na mimi…
akavuta pumzi,
na mimi nilimchapa.

Foili hatukuwa nayo.
Nikamtuma Gwantwa kwa muuza chipsi wa getini,
akarudi na kipande kinachonukia mafuta na kitunguu.
Nikazima taa. Dirisha halina pazia,
nikatundika koti langu jeupe,
na juu yake sweta.
Nikautafuta mshipa kwa kidole
kama mtu anayetafuta tundu la kufuli umeme umekatika.

Damu ilipokuwa ikipanda kwenye kichupa, polepole,
mtoto akavua soksi ya mkono wa pili
bila kuambiwa.
Hapa pazuri, akasema.

Kichupa nikakiviringisha mara tatu.
Kitakwenda Dar ndani ya boksi la barafu,
huko ndiko kwenye mashine ya kuhesabu.
Lakini tone moja nililibakiza.

Ninachokisimulia sasa si kipimo,
hakimo kwenye rejista, na mkuu wangu asikisikie.
Tunayo hadubini ya mwanga wa buluu, ya kusakia TB.
Nikaweka tone kwenye kioo, nikainama.

Giza.
Kisha chembe moja, huku nyingine, kule nyingine,
zikawaka nyekundu
kama makaa unayoyafukua alfajiri
ukidhani moto ulishakufa.
Nikaanza kuhesabu.
Sikufika ishirini. Zilikuwa zimezimika zote.

Nikasogeza kioo mpaka mahali pasipoguswa,
nikamwita mama: njoo, tazama upesi.
Akainama na kilemba chake.
Nilimsikia akiacha kupumua.

Ndiyo hayo? Ndiyo hayo maumivu?

Sikujua nijibu nini. Nilisomea chembe, sikusomea maumivu.
Nikasema ndiyo.

Mbona yanafifia?

Ni huu mwanga, mama. Ndio unaozichoma.
Bila huo hatuzioni.

Akauondoa uso haraka,
akaifunika hadubini kwa viganja viwili
kama anayekinga mshumaa,
akasema: basi, zima. Nimeona. Zima.

Majibu yatachukua wiki tano, labda saba.
Jina lake nimeliandika, safu ya matokeo iko wazi.
Anaweza kuwa na hiki, anaweza kuwa na kingine,
mimi si wa kusema.

Nje, jua lilikuwa limekaa juu ya Loleza, kali, bila wingu.
Nikawaambia wasubiri litue.
Wakakaa kwenye benchi, kona ya friji,
mama ameshika ile mikono isiyo na alama,
anaipuliza, kimoja kimoja, vidole,
huku mtoto akimwambia, mama,
leo haiumi.

Ndaga, alisema walipoondoka usiku.
Nami nikafunga mlango.
Koti nililisahau dirishani,
na asubuhi, nilipoingia,
sikuona haraka ya kulitoa.